Tulitafuta treni mpaka Kamanyola

Asubuhi mapema tulitoka Muhumba na aparei ya picha, tukashuka milima ya Ngomo mpaka Kamanyola. Tulitaka picha za treni. Mutacheka: treni gani tena kule? Lakini wakati wa Wabelgiji, reli ya Kivu ilitoka Kalundu, bandari ya Uvira, ikafuata bonde la Ruzizi, ikaishia Kamanyola, chini ya milima. Pale mizigo ilipakiwa kwenye kamio, ikapandishwa Bukavu. Reli ilifungwa 1958.

Siku nzima hatukuona sinyali hata moja, wala kichwa cha treni. Kamio tu, zimejaa mpaka juu.

Bandugu wachimbaji, hii inawahusu. Njia ikiwa mbaya, usafiri unakuwa bei kali, na mnunuzi anaukata kwenye kilo zenu pale pale shimoni. Kalemie na Kabalo zimeunganishwa na reli tangu 1915. Siye tumebaki na Ngomo.

Jioni tukipanda kurudi, tulipata picha moja nzuri: konvoyeri anakimbia nyuma ya kamio, jiwe mkononi, tayari kulitia chini ya tairi.