Fundi wa Mawindo na Waliofundwa Naye

Neno fundi, ambalo watoto wetu shuleni hulijua kwa mshona viatu na mjenzi wa nyumba, lina ukoo mkubwa kuliko lidhaniwavyo. Ndugu zake ni kufunda, kufundisha, funzo, mwanafunzi na mkufunzi. Basi fundi, kwa asili ya neno lenyewe, si mtu aliye stadi wa kazi yake tu, bali ni stadi awezaye kumtia mwingine ustadi ule. Asiyefunda mtu huitwa fundi kwa heshima tu. Twapenda kulieleza neno hili kwa njia ya kazi moja iliyolishika sana zamani, yaani uwindaji, na kwa habari za mzee mmoja ambaye waliofundwa naye hawakuacha kumtaja.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, alipopita bara la nchi ambayo sasa ni Tanzania katika miaka ya 1857 hadi 1859, alilisikia neno hili kwa wawinda ndovu, akalitia katika kitabu chake cha mwaka 1860. Aeleza ya kuwa mwindaji hakujiendea porini siku aliyopenda. Kwanza mganga alimpa kinga zake na kumfunza kuutumia mkuki. Kisha fundi alichagua watu wake, nao wakacheza na kunywa pombe siku nyingi kabla ya kuondoka. Mke naye alikuwa na miiko yake nyumbani: asijipambe, asile vya anasa, na kama hakuwa mwaminifu, ilisadikiwa kwamba mawindo ya mumewe yangeharibika. Wako watakaosema kuwa haya ni ushirikina, nasi hatuyatetei. Lakini mwalimu na aangalie jambo moja lililo chini ya hirizi zile: kijana hakuachiwa silaha mkononi mpaka awe amekwisha kukabidhiwa kwa mtu.

Desturi hii ya kukabidhiwa kwa mtu haikwisha zilipokuja bunduki, wala walipokuja Wazungu waliofanya uwindaji kuwa kazi ya mshahara. Kazi ile haikuwa na shule. Kijana alijiunga na mkubwa, akamfuata nyuma miaka kadhaa, na sifa yake ikategemea sifa ya mkubwa yule. Na miongoni mwa wakubwa hao katika Kenya hakuna aliyetajwa kwa heshima kuliko Philip Percival.

Percival alifika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, akakaa Ukambani, upande wa Machakos, mahali paitwapo Potha. Nduguye, Blayney, alikuwa mlinzi wa wanyama wa pori kwa amri ya serikali. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda simba katika mbuga zile, na Percival kijana alikuwa mmoja wa waliomsaidia. Baadaye akaifanya kazi ya kuwaongoza wageni kuwa riziki yake, akaishika mpaka uzee.

Yafaa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kupiga wanyama. Mwenye kupiga alikuwa mgeni, aliyelipia kibali. Kiongozi alitafuta nyayo, akaupima upepo, akamsogeza mgeni karibu kwa kadiri ya akili na moyo wake mgeni, akamwambia lini apige na lini aache. Lakini mnyama akijeruhiwa na kukimbilia kichakani, hapo ndipo kazi ilipomgeukia kiongozi. Nyati aliyejeruhiwa husimama kando ya njia yake mwenyewe akimngoja amfuataye. Simba hujilaza chini ya majani asionekane mpaka arukapo. Haikuruhusiwa kumwacha mnyama afe kwa maumivu ya siku nyingi, wala amwue mchunga mbuzi apitaye kesho yake. Kwa hiyo mgeni aliachwa nyuma, na kiongozi akaingia kichakani na watu wake. Sheria hii haikuwa na faida ya fedha hata kidogo, nayo ndiyo iliyofundishwa kwanza.

Mwaka 1934 wawindaji wa kazi walikutana katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, wakaunda chama chao cha Afrika ya Mashariki. Percival alikuwa rais wake kwa miaka mingi. Chama kilijichagulia neno la Kilatini, Nec timor nec temeritas, ambalo sisi twaona lafasirika vema hivi: bila woga, wala papara. Katika kulifasiri, temeritas latusumbua kidogo. Si ujasiri, maana ujasiri ni sifa. Ni haraka ya mtu asiyepima. Papara yatosha, na mvulana yeyote aliyewahi kumkurupusha kanga kwa kukimbia anaielewa.

Waliomkumbuka Percival kwa maandishi ni wengi, na aliye mashuhuri kupita wote ni mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway. Aliongozwa naye katika safari ya 1933 na 1934, akamtia katika kitabu alichokitoa mwaka 1935, kwa jina jingine: mzee mpole, mwenye maneno machache, asiyejisifu na asiyependa kusikia mtu akijisifu. Miaka ishirini ikapita. Mwaka 1953 Hemingway alirudi, na Percival, aliyekuwa amekwisha kupumzika kazini, akakubali kutoka tena kwa ajili yake. Katika kitabu cha safari ile, kilichopigwa chapa mwaka 1999, miaka 38 baada ya mwandishi kufa, mna habari ya mzee kuondoka kambini na kumwachia mkubwa huyu mwenye ndevu nyeupe madaraka yote. Mwandishi akiri ya kuwa alimheshimu mzee yule kwa namna ambayo hakumheshimu hata baba yake. Ni neno zito, wala hatulisifu lote. Lakini laonyesha jinsi kufundwa kunavyoweza kumfanyia mtu ukoo wa pili.

Mwanafunzi mwingine alikuwa Harry Selby, aliyelelewa Kenya na kujiunga na Percival ilipokwisha vita ya pili ya dunia. Mwaka 1951 Selby alimwongoza mwandishi Robert Ruark, ambaye kitabu chake cha 1953 kilimpa kijana huyu jina kubwa ng'ambo. Baadaye alihamia Botswana, akaifanya kazi ile ile huko, akafa mwaka 2018. Mwalimu wake alikuwa amekufa tangu 1966. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na chama nacho kikavunjwa mwaka ule ule. Basi funzo la Potha lilidumu Botswana baada ya kukatika kwao.

Mpaka hapa tumefuata yaliyoandikwa. Lakini mnyororo huu una pete isiyotajwa sana. Percival hakuzaliwa akizijua nyayo za tandala. Alikaa katikati ya Wakamba, ambao tangu zamani waliwinda kwa upinde na mishale yenye sumu, na waliopeleka pembe pwani kabla reli haijawazwa. Wabeba bunduki na wafuata nyayo walitangulia mbele ya bwana, si nyuma. Katika kitabu cha 1935 yumo mmoja, mbeba bunduki, ambaye mwandishi amtaja kila mara na kutaka sana amwone kuwa mtu wa maana. Jina lake limeandikwa M'Cola, tahajia ambayo mwalimu wa darasa la pili angeisahihisha. Chama cha Nairobi kiliandika majina ya viongozi. Wenye kuzisoma nyayo hawakuwamo.

Tulipokuwa bado vijana kazini, tulimzuru mzee mmoja wa vilima vyetu aliyewahi kubeba bunduki katika safari hizo. Tukamwuliza, kwa papara yetu, “Mzee wetu, umeona ndovu wangapi wakianguka?” Akanyamaza kitambo, akatwaa majivu kidogo ya jikoni, akayaachia hewani kutuonyesha yaangukiavyo upande wa upepo. Kisha akasema, “Mwalimu, hayo majivu alinipa mjomba wangu, nikiwa sijaota ndevu. Akaniambia, ukishindwa kuyasoma, rudi nyumbani. Wazungu niliwapa mimi.” Akataja jina la mjomba wake, na la aliyemfunda mjomba, na la tatu. Hakutaja ndovu hata mmoja.

Sisi tulikuwa na daftari mfukoni, na hatukuandika. Mzee amekwisha kufa, na katika yale majina matatu twakumbuka moja tu. Kama yuko katika mtaa wa msomaji mzee aliyewahi kushika upinde au bunduki ya safari, twaomba aendewe upesi, tena na daftari wazi, na swali la kwanza liwe hili: ni nani aliyekufunda?