Biashara ya mishumaa nyumbani: Kabla ya kuwasha jiko, pima moto na hesabu

Saa tatu usiku, vyombo vya chakula vikishaoshwa na mtoto wa mwisho akishalala, jiko la familia hugeuka kiwanda. Sufuria ya ugali inawekwa pembeni na kutolewa nyingine, ya zamani, ambayo haipikiwi chakula kabisa. Mezani kuna mizani ndogo, glasi 20 zimepangwa mistari, na katikati ya kila glasi utambi umesimamishwa kwa kijiti cha mishikaki. Nta inayeyuka taratibu na nyumba nzima inanukia mdalasini na mchaichai.

Biashara hii inawavutia wazazi wengi, hasa kina mama wanaolea watoto wadogo, na sababu zake zinaeleweka. Mshumaa hauchachi kama maandazi yasiyouzwa. Kazi inaweza kusimama mtoto akiumwa na kuendelea kesho yake. Vifaa vya kuanzia vinaenea kwenye beseni moja.

Hata hivyo, unafuu huo huo ndio unaowaponza wengi. Kiwanda chenye moto kinawekwa mahali watoto wanapopita wakitafuta maji ya kunywa, na fedha ya biashara inakaa pochi moja na ya mboga. Miezi michache baadaye mama amechoka, glasi zimeisha, na hakuna anayejua faida ilikwenda wapi.

Nani atanunua?

Kosa la kwanza ni kutengeneza mishumaa myeupe ya kawaida kwa kutegemea umeme kukatika. Mishumaa hiyo hutoka viwandani kwa pakiti na kuuzwa kwa bei ambayo jiko la nyumbani haliwezi kuifikia. Isitoshe, siku hizi umeme ukikatika watu huwasha tochi ya simu au taa ya sola.

Mteja wa mshumaa wa mkono anatafuta kitu kingine. Yupo anayetaka chumba kinukie, anayepamba meza ya sendofu au harusi, na anayetafuta zawadi ya mtu aliyehamia nyumba mpya. Zipo hoteli na nyumba za wageni za Unguja, Arusha na Moshi, ambako mgeni hupenda kuondoka na kitu chenye harufu ya karafuu au udi.

Makanisa nayo ni soko lenye kalenda yake. Majilio na Krismasi huhitaji mishumaa, mkesha wa Pasaka huhitaji midogo ya kushikwa na waumini, na ubatizo huwa na mshumaa wake. Anayetaka oda za Pasaka haanzi kuzitafuta Wiki Kuu. Anabisha hodi parokiani au usharikani miezi miwili kabla, akiwa na sampuli mkononi. Baada ya Pasaka mauzo hushuka, na anayejua hilo huweka akiba mapema badala ya kukopa mwezi unaofuata.

Nta ipi inakufaa?

Nta ya parafini, inayotokana na mafuta ya petroli, ndiyo rahisi kupatikana kwenye maduka ya malighafi za sabuni na mishumaa. Aina zake huyeyuka kwenye nyuzijoto tofauti, nyingi kati ya 46 na 68 za Selsiasi. Huchanganywa na asidi ya steariki ili mshumaa uwe mgumu na mweupe zaidi.

Nta ya soya hupendwa kwa mishumaa ya kwenye glasi, lakini huagizwa kutoka nje na ni laini. Boksi la mishumaa ya soya likikaa mchana kwenye jua la Dar es Salaam nyuma ya bodaboda, linaweza kufika kwa mteja likiwa uji. Mwenye kuiuza hupeleka mizigo asubuhi na mapema au jioni.

Ipo pia nta ya nyuki, ambayo Tanzania imeizalisha na kuiuza nje kwa miaka mingi, hasa kutoka misitu ya miombo ya Tabora na mikoa jirani. Masega yakishakamuliwa asali huchemshwa kwenye maji na kuchujwa. Nta huelea juu na kuganda. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo huvumilia joto, na ina harufu yake ya asili. Bei yake iko juu, kwa hiyo inamfaa mwenye wateja wanaojua thamani yake.

Anayeanza anafaa kuchagua nta moja na glasi ya ukubwa mmoja, azijue vizuri kwanza. Kila akibadilisha nta, glasi au harufu, inambidi aanze upya kutafuta unene wa utambi unaofaa.

Moto na watoto

Nta haiyeyushwi kwa kuweka sufuria moja kwa moja juu ya moto. Chombo cha nta hukaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka. Kwa njia hiyo nta haiwezi kuzidi joto la maji, ambayo Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100 na Mbeya, kwa kuwa iko juu, kwenye nyuzi 94 hivi. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya moto huendelea kupanda joto kimyakimya, bila kutokota kama maji, mpaka itoe moshi na hatimaye iwake. Kipimajoto kinatakiwa kununuliwa kabla ya rangi na riboni, na maji ya sufuria ya chini yanahitaji kuangaliwa yasikauke.

Nta ikianza kutoa moshi, moto uzimwe papo hapo. Ikiwaka, izimiwe jiko na ifunikwe kwa mfuniko wa chuma. Isimwagiwe maji hata kidogo: maji yakigusa nta inayowaka hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto mpaka darini. Mfuniko unaoenea chombo cha nta na ndoo ya mchanga viwe karibu kabla jiko halijawashwa.

Kwa watoto, kanuni inayofanya kazi ni ya mlango na muda. Nta inayeyushwa wakiwa wamelala au wakiwa kwa bibi yao, na mlango wa jikoni unafungwa. Mpini wa sufuria unaelekezwa ukutani. Glasi zilizomiminwa hupoa juu ya kabati, mbali na ukingo wa meza, kwa sababu nta iliyoganda juu bado inaweza kuwa ya moto chini, na mtoto wa miaka mitatu huiona kama jeli.

Mtoto akimwagikiwa, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Nta iliyonata kwenye ngozi isibanduliwe kwa nguvu. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kula na unga havitibu, huchafua jeraha. Baada ya hapo jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe kituo cha afya, hasa akiwa ameungua uso, mikono au sehemu za siri, au ngozi ikitoa malengelenge.

Watoto wakubwa wanapenda kusaidia, na kazi zisizo na moto zipo: kubandika lebo, kufunga riboni, kuhesabu glasi, kuandika oda kwenye daftari. Kumimina nta si kazi yao, hata oda iwe ya haraka namna gani.

Mabaki ya nta nayo yasimwagwe kwenye sinki, maana yataganda ndani ya bomba na kuliziba. Yaachwe yagande chomboni kisha yatumike tena.

Utawaka kwenye nyumba ya mwenzako

Mshumaa ukishauzwa huenda kuwaka kwenye nyumba nyingine, pengine kando ya pazia, kwenye chumba wanamolala watoto wa watu. Ndiyo maana mshumaa usiojaribiwa hauuzwi, hata uwe umependeza.

Jaribio lenyewe ni rahisi ila linahitaji uvumilivu. Mshumaa mmoja wa kila aina huwashwa saa nne mfululizo, mtengenezaji akiwepo, kisha huzimwa, hupozwa na kuwashwa tena mpaka uishe. Utambi mnene kupita kiasi hutoa moshi, huacha masizi kwenye glasi na kuifanya iwe ya moto kushikika. Mwembamba huchimba shimo katikati na kuzama kwenye nta yake wenyewe. Unaofaa huyeyusha uso mzima wa nta bila moto kurukaruka.

Glasi nyembamba za kunywea juisi zinaweza kupasuka kwa joto. Vifuu vya nazi hupendeza sana, lakini kisichotulia mezani hupinduka, na chenye ufa huvujisha. Maua makavu na buni za kahawa zinazopambwa juu ya nta zinaweza kushika moto utambi ukizifikia, hivyo ni afadhali mapambo yakae nje ya glasi.

Kila lebo iwe na maneno machache ya Kiswahili: kata utambi ubaki nusu sentimita kabla ya kuwasha, usiache mshumaa ukiwaka bila mtu, weka mbali na watoto na mapazia, zima nta ikibaki sentimita moja chini. Mteja aliyesoma hayo humwamini aliyeyaandika.

Hesabu inayosahaulika

Glasi ya mililita 200 huchukua takribani gramu 180 za nta, kwa kuwa nta ni nyepesi kidogo kuliko maji. Tuchukue bei za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Nta ikiwa Sh8,000 kwa kilo, gramu 180 ni Sh1,440. Mafuta ya harufu, asilimia 8 hivi ya nta, yawe Sh840. Glasi Sh1,500, utambi na kishikizo chake Sh220, lebo na mfuko Sh500, gesi Sh150. Jumla ni Sh4,650.

Wengi huishia hapo. Wanauza Sh8,000 na kuamini kila mshumaa umewapa Sh3,350.

Lakini mishumaa 20 imechukua saa tano za usiku. Kama mama atajilipa Sh2,000 tu kwa saa, hiyo ni Sh10,000, yaani Sh500 kwa kila mshumaa, na gharama inafika Sh5,150. Kati ya 20, tuseme miwili imeharibika au imewashwa kwa majaribio. Gharama ya yote, Sh103,000, sasa inabebwa na 18 iliyobaki, na kila mmoja unakuwa umegharimu takribani Sh5,722.

Ukiuzwa mkononi kwa Sh8,000, faida ni kama Sh2,278. Ukipelekwa kwenye duka la zawadi linalokata asilimia 30, mtengenezaji anapata Sh5,600. Hapo amepoteza Sh122 kwa kila mshumaa huku akifurahia kuona jina lake dukani. Na mteja akisema, "Dada, nipunguzie basi, nachukua miwili," mwenye hesabu anajua anaweza kushuka hadi wapi. Asiye nayo hupunguza kwa huruma, na huruma hiyo inalipwa na watoto wake.

Dawa yake ni daftari na namba ya malipo ya simu ya biashara peke yake. Ada ya shule ikihitajika, fedha itoke kama mshahara ulioandikwa, si kwa kuchota. Kwa oda kubwa za harusi au kanisa, malipo ya awali yasipungue bei ya malighafi.

Usiku wa mama nao una thamani

Kazi inayofanyika watoto wakilala hula usingizi wa mtu. Familia zinazodumu na biashara hii hukaa chini na kupanga: siku mbili za kuyeyusha kwa wiki zinatosha, na usiku huo baba, dada au shangazi anashika zamu ya mtoto anayeamka. Mwenzi aliyeshirikishwa kwenye daftari huwa mwepesi kuosha vyombo kuliko aliyeshtukia jiko limegeuzwa karakana.

Biashara ikianza kutulia, irasimishwe. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na TRA, jina la biashara husajiliwa BRELA, leseni hupatikana halmashauri, na maduka makubwa hutaka kuona alama ya ubora ya TBS. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo na ushauri. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, hatua ya kwanza ni ndogo: kilo moja ya nta, glasi tano, kipimajoto na daftari. Awashe mishumaa yote mitano nyumbani kwake, aiangalie mpaka iishe, na aandike kila alichokiona. Asiuze hata mmoja. Wa sita ndio atakaoweza kumpa jirani bila wasiwasi.