Mkono wa Walithuania

Ukimwuliza Mlithuania jina la kiungo tunachoshikia jembe, kalamu au bunduki, atakujibu: ranka. Kama "mkono" wetu, neno hilo huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kwa sehemu ya mbele peke yake analo neno plaštaka, lakini katika mazungumzo ya kila siku ranka humtosha.

Kilithuania husifiwa na wataalamu kwa kuhifadhi mambo ya kale. Jino ni dantis, na Warumi waliliita dens. Jicho ni akis, sikio ni ausis, yote maneno ya ukoo ulioenea tangu Bara Hindi hadi Ulaya Magharibi. Tungetazamia mkono nao uwe na jina la kale, lile ambalo Wayunani walilitamka kheir. Sivyo. Wazee wa Walithuania na wa Waslavi waliliacha, wakaunda jipya kutokana na kitenzi ambacho Kilithuania kingali nacho: rinkti, yaani kuokota, kukusanya. Mkono ni mkusanyaji! Ndiyo maana Mrusi husema ruka, na Mlatvia roka.

Kitenzi hicho hakijastaafu. Watu waendapo msituni kutafuta uyoga, tendo lao ni rinkti. Na uchaguzi wa wabunge huitwa rinkimai, wa shina lilo hilo.

Ranka nalo limezaa. Rankovė ni mkono wa nguo (sisi hatukuona hata haja ya kubadili neno). Apyrankė ni bangili, kiuzungukacho mkono. Rankraštis ni mswada, mwandiko wa mkono.

Miswada hiyo ilipata taabu. Tangu miaka ya 1860 hadi 1904 serikali ya mfalme wa Urusi ilipiga marufuku uchapaji wa Kilithuania kwa herufi za Kilatini, ikitaka kiandikwe kwa herufi za Kirusi. Vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia Mashariki, na wachukuzi wakavivusha kwa siri. Baadhi ya waliokamatwa walipelekwa Siberia. Sisi tuliofunzwa kulinda mipaka hatuna desturi ya kuwasifu wavusha magendo, lakini hawa tunawapigia saluti. Marufuku ilipoondolewa, ranka likachapwa nchini mwake kwa herufi ambazo wenyewe walizitaka.