Kuvuta Si Kusimamisha: Fizikia ya Pikapu na Tela

Mtu anayetaka kuhamisha trekta, kompresa au jenereta kubwa kwa pikapu na tela aghalabu huuliza kwanza swali moja: je, injini itaweza kuvuta? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halitoshi kulinda maisha ya watu barabarani. Injini ya wastani yaweza kuvuta mzigo ambao gari lenyewe haliwezi kuusimamisha, wala kuuzuia usiyumbe.

Ushahidi wa jambo hili umo katika vitabu vya maelekezo vya magari. Waundaji wa pikapu nyingi za siku hizi, zile ziitwazo za tani moja, huziruhusu kuvuta tela la hadi kilo 3500 iwapo tela hilo lina breki zake lenyewe. Iwapo tela halina breki, pikapu ileile, yenye injini ileile na matairi yaleyale, huruhusiwa kuvuta kilo 750 tu. Ni wazi kwamba kipimo hiki cha pili hakikutokana na udhaifu wa injini. Kimetokana na kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari, nazo ndizo zitakazochunguzwa katika makala haya.

Kani ya kuvuta

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Pikapu pamoja na dereva wake ina tungamo la kilo 2000. Tela tupu lina kilo 700, na juu yake limepakiwa trekta dogo la kilo 1800. Tela na mzigo wake, basi, ni kilo 2500, na msafara mzima ni kilo 4500.

Katika barabara ya lami iliyo tambarare, kani inayopinga mwendo wa matairi yanayobiringika ni ndogo mno, yapata asilimia 1.5 ya uzito. Uzito wa tela letu ni nyutoni 24,500 hivi. Kwa hiyo kani inayotakiwa kulivuta polepole ni nyutoni 370 hivi, ambayo ni pungufu kidogo ya uzito wa ndoo mbili za maji za lita 20. Vijana wawili au watatu wenye nguvu wanaweza kulisukuma tela hilo kwa mikono. Hapa ndipo dereva anapodanganyika: anapoondoka uwanjani na kuona gari halilalamiki, hudhani kwamba mzigo ni mwepesi.

Hali hubadilika mlimani. Barabara ikipanda mita 1 kwa kila mita 10 za urefu wake, sehemu ya kumi ya uzito wa tela huvuta kurudi nyuma, yaani nyutoni 2450 zaidi. Jumla yake ni zaidi ya mara saba ya kani ya kwanza. Hata hivyo, gia ndogo za pikapu huweza kuitoa kani hiyo. Taabu yenyewe huanza wakati wa kushuka na wakati wa kusimama.

Umbali wa kusimama

Kani pekee inayoweza kulisimamisha gari ni msuguano baina ya matairi na barabara, na msuguano huo hutegemea uzito unaoyakandamiza matairi yenye breki. Tukadirie kwamba lami ni kavu na mgawo wa msuguano ni 0.7, na kwamba msafara unakwenda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 hivi kwa sekunde.

Iwapo magurudumu yote, ya pikapu na ya tela, yana breki zinazofanya kazi sawasawa, msafara utasimama baada ya mita 36 hivi tangu breki zianze kushika. Lakini iwapo tela halina breki, kani ya kusimamisha hutoka katika magurudumu ya pikapu peke yake. Magurudumu hayo hubeba kilo 2000 za pikapu na labda kilo 250 zinazoegemea kutoka katika tela, ilhali tungamo linalopaswa kusimamishwa ni lilelile la kilo 4500. Nusu ya kani inafanya kazi yote. Umbali wa kusimama, basi, huongezeka mara mbili, na kuwa mita 72. Ukijumlisha mita 22 ambazo gari hupita katika ile sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga breki, utapata mita 94, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Mtoto anayevuka barabara umbali wa mita 70 mbele angenusurika katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili asingenusurika.

Joto la breki

Breki haziiangamizi nishati ya mwendo. Huigeuza tu kuwa joto. Msafara wetu unapokwenda kilomita 80 kwa saa una nishati ya jouli 1,110,000 hivi. Joto hilo linatosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi nyuzi 100. Kasi ikipunguzwa hadi kilomita 40 kwa saa, nishati haipungui kwa nusu, bali hubaki robo, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi.

Katika mteremko mrefu hesabu ni ya kutisha zaidi. Msafara wa kilo 4500 ukiteremka kimo cha mita 300 hupoteza nishati ya kimo ipatayo jouli 13,200,000. Dereva akiizuia nishati hiyo yote kwa breki peke yake, ni sawa na kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa mara 12 mfululizo, bila breki kupata nafasi ya kupoa. Mawe ya breki yakipata moto kupita kiasi, msuguano wake hupungua. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Yakichemka ndani ya mabomba hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hukandamizika kwa urahisi, tofauti na kimiminiko, na pedali huzama hadi chini bila ya breki kushika.

Hii ndiyo sababu madereva wenye uzoefu huiteremka Kitonga mkoani Iringa, au Salgaa karibu na Nakuru nchini Kenya, kwa gia ndogo. Injini yenyewe hugeuka kuwa breki, kwani hutumia nishati kuvuta na kusukuma hewa ndani ya silinda zake, na joto hutoka kwa njia ya rejeta na ekzosi. Anayeondoa gia ili aokoe mafuta huutupa msaada huo wote.

Mizani ya tela

Jambo la tatu ni mahali mzigo unapowekwa. Tela lenye ekseli moja ni wenzo. Ekseli ndiyo egemeo, na kiungio cha tela na pikapu kiko katika ncha ya mbele. Tuseme umbali wa kutoka kiungio hadi ekseli ni mita 4, na tela tupu huegemea juu ya kiungio kwa kilo 50.

Kitovu cha uzito wa trekta kikiwekwa sentimita 45 mbele ya ekseli, kanuni ya momenti hutuambia kwamba kiungio kitapata kilo 50 pamoja na kilo 202 hivi, jumla kilo 252. Hiyo ni sehemu ya kumi ya tela lililopakiwa. Katika nchi zinazovuta matela mazito kwa kasi kubwa, kama Marekani, wahandisi hupendekeza asilimia 10 hadi 15.

Trekta hilohilo likirudishwa nyuma kwa sentimita 70, urefu wa hatua moja ya mtu, kitovu chake kitakuwa sentimita 25 nyuma ya ekseli. Sasa kiungio hakikandamizwi tena. Kinainuliwa kwa kilo 62 hivi. Nyuma ya pikapu inakuwa nyepesi, matairi yake yanapoteza sehemu ya msuguano, na tela liko tayari kuyumba. Likisogezwa mbele mno nalo huleta madhara. Kitovu kikiwa mita 1 mbele ya ekseli, kiungio hupata kilo 500, nyuma ya pikapu hudidimia, na matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari, huinuliwa kiasi.

Kuyumba kwa tela

Kila tela huyumba kidogo linapopigwa na upepo au linapopitwa na basi. Kama limepakiwa vizuri, matairi yake hulirudisha katika mstari, na myumbo hufifia. Mfano wake ni mshale: ukiwa na uzito mbele huruka ukiwa umenyooka, lakini ukiwa na uzito nyuma hugeuka hewani. Vivyo hivyo, tela lenye uzito nyuma hulisukuma gari huku na huku, na kila msukumo huweza kuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Jambo hili hutegemea sana kasi. Tela lililotulia katika kilomita 50 kwa saa huweza kushindwa kutulia katika kilomita 90, bila ya kutoa onyo lolote kabla.

Haitoshi kuweka sawa uzito wa kiungio. Mwenye kubeba mzega wa maji anajua kwamba ndoo mbili zilizo katika ncha za mti ni ngumu kuzigeuza, na zikishaanza kugeuka ni ngumu kuzisimamisha. Kwa hiyo vitu vizito na viwekwe karibu na ekseli, mbele yake kidogo, wala visigawanywe katika ncha mbili za tela.

Tela likianza kuyumba, dereva aondoe mguu katika mafuta polepole, aushike usukani bila kuuzungusha huku na huku, na aache kasi ishuke. Kukanyaga breki za pikapu kwa nguvu, au kuongeza kasi kwa matumaini ya kulinyoosha tela, huzidisha hatari.

Kufunga mzigo

Gari linaposimama ghafla, mzigo huendelea na mwendo wake, kama inavyoeleza kanuni ya kwanza ya Newton. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo huagiza kwamba vifungo viweze kuhimili kani iliyo sawa na 0.8 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na 0.5 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa trekta letu, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 1440 kuelekea mbele. Kamba ya katani iliyochakaa haifai kabisa. Yatakiwa minyororo katika pembe nne, iliyokazwa, pamoja na kabari katika magurudumu na breki ya mkono ya trekta.

Sheria

Sheria nyingi za kuvuta tela ni fizikia iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri Barabarani, uliofikiwa Vienna mwaka 1968, huagiza kwamba tela linaloruhusiwa kuzidi kilo 750 liwe na breki. Ndiyo tarakimu ileile tuliyoikuta mwanzoni. Kadhalika mkataba huo hutaka breki za tela zishike zenyewe kiungio kikikatika, isipokuwa kwa matela mepesi ya ekseli moja, ambayo yanaweza kutumia mnyororo wa akiba badala yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kama ilivyorekebishwa, huweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari ya biashara na ya abiria yanayozidi kilo 3500. Kipimo hichohicho cha kilo 3500 ndicho hutumika katika mizani za barabarani chini ya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Pikapu peke yake haikifikii, lakini msafara wetu wa kilo 4500 umekivuka. Mwenye pikapu ambaye hajawahi kusimama kwenye mizani na aulize kabla ya safari, wala asingoje kuulizwa njiani. Vilevile akumbuke kwamba waundaji huweka kikomo cha msafara mzima: pikapu iliyojazwa mzigo aghalabu hairuhusiwi tena kuvuta kiwango chake cha juu.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha mizani ya tela kwa vifaa vichache: ubao wa mita 1, penseli ya mviringo badala ya ekseli, mizani ya springi na jiwe la kilo 1. Penseli iwekwe chini ya ubao, sentimita 60 kutoka ncha ya mbele, na ncha hiyo ining'inizwe katika mizani. Jiwe lisogezwe kutoka mbele kwenda nyuma, sentimita 10 kila mara, na wanafunzi waandike usomaji na kuchora grafu. Watapata mstari mnyoofu, ambapo kila hatua hubadili usomaji kwa gramu 167 hivi. Jiwe likishavuka penseli na kwenda mbali kiasi, mizani itasoma sifuri na ncha ya ubao itainuka yenyewe.

Wanafunzi waulizwe mahali hapo ni wapi, na wakithibitishe kwa hesabu kile walichokiona. Baadhi yao kesho watakuwa madereva, mafundi au wakulima wenye matrekta. Atakayeukumbuka ubao ule atatumia dakika kumi kuusogeza mzigo na kuupima upya kabla ya kuwasha gari.