Jina ku liste, shamba ku Kirumba

Muzee mmoja aliyekimbia Kirumba alinitafuta hapa Butembo, telefone mukononi. Mu telefone mulikuwa picha moja: liste ya majina 32, kila jina na namba yake, na alama za ekipe za Marekani kandokando.

"Angalia ku namba 19," akaniambia. "Ni mutoto wa mudogo wangu. Bale benye kujua mupira ya kule banasema ataingia mu muzunguko ya kwanza. Sasa kunaombwa feza ya mwalimu wake wa pekee. Akisha kuingia, atatulipa sisi wote."

Feza ingetoka wapi? Kutoka ku shamba lake la miti ya eucalyptus, kule Kirumba. Tangu vita ilipofika kule mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka wa 2024, hajalikanyaga tena. Kuko mununuzi anayelitaka, lakini kwa bei ya kutupa, kwa sababu anajua kama mwenye shamba yuko mbali na ana shida.

Nilisoma ile liste mara mbili. Ilikuwa ya mwaka wa 2030. Mutoto mwenyewe bado yuko ku banc ya shule ya sekondari. Nikamuomba Papa anipe siku mbili mbele ya kujibu mununuzi. Nilichomuelezea kisha njo ninakiandika hapa, maana si yeye peke yake. Familia zetu mingi sasa ziko na mutoto Marekani, na habari za namna hii zinaingia kila siku mu WhatsApp.

Tuanze na drafti yenyewe. Mupira wa Marekani, ule wa kofia ngumu na mabega makubwa, mupira unaobebwa mukononi kuliko kupigwa na muguu, una ekipe 32 za kulipwa mu ligi inayoitwa NFL. Kijana akitoka iniversite hachagui ekipe. Ekipe njo inamuchagua. Kila mwaka, mu mwezi wa 4, ekipe zinajipanga mustari: ile iliyopigwa zaidi mwaka uliopita inachagua wa kwanza, ile iliyobeba kombe inachagua wa mwisho. Huo ni muzunguko wa kwanza. Kisha wanarudi ku mwanzo, mpaka mizunguko saba. Na mutu hawezi kuingia mu drafti mbele ya miaka mitatu kupita tangu amalize sekondari. Kwa hiyo yule mutoto wa namba 19, hata angekuwa na miguu ya swala, bado angengoja.

Muzunguko wa kwanza njo wenye jina na feza. Tangu 2011 mushahara wa wapya unapangwa kufuatana na namba ambayo mutu amechaguliwa. Wa muzunguko wa kwanza anapata kontra ya miaka ine, na ekipe ina haki ya kuongeza wa tano. Namba ikishuka, feza inashuka nayo, na inashuka kwa mamilioni ya dola. Ndiyo maana watu wanataka kujua mbele ya siku: nani, fasi gani, ku ekipe gani.

Hapo njo kazi ya wabashiri inapoanzia. Anayejulikana zaidi ni Mel Kiper Jr., ambaye televisheni ya ESPN inamuonyesha tangu 1984. Yeye na wenzake wanaangalia mechi, wanaenda Indianapolis kule vijana wanapimwa: mbio za yadi 40 (kama mita 36 na nusu), kuinua chuma cha karibu kilo 102 mara mingi kadiri mutu anaweza, kuruka, kupimwa mikono na urefu. Kisha kila mumoja anatengeneza drafti yake ya kubahatisha: 1 ni huyu, 2 ni yule, mpaka 32. Ni kazi ya kweli, na wale wazuri wanajua mengi. Majina ya watakaoingia mu muzunguko wa kwanza, mengi wanayapata. Fasi njo inawashinda.

Sababu ya kwanza, Papa aliielewa mbio kuliko mimi nilipoisoma mara ya kwanza. Fikiria mustari wa bidon ku robine, asubuhi. Ukijua mama gani yuko wa kwanza na wa pili, unaweza kuhesabu saa yako. Lakini wa tatu akiuzisha fasi yake kwa mutu aliyekuwa nyuma, hesabu yote inaharibika, hata kwa yule wa mwisho. Ekipe zinafanya vile, zinauziana zamu, wakati mwingine dakika chache tu mbele ya kuita jina. Mwaka wa 2025 Jacksonville walikuwa ku fasi ya 5. Wakalipa Cleveland kwa zamu zingine, wakapanda ku fasi ya 2 na kumubeba Travis Hunter. Wabashiri waliokuwa wamemuandika Hunter ku Cleveland walijikuta na liste yenye kosa tangu mustari wa pili.

Sababu ya pili ni uongo. Mutu anayetaka mbuzi sana, ku soko ya Kirumba, unamujua namna gani? Ni yule anayemusema vibaya: amekonda, meno yake yamezeeka, ninapita tu. Wakubwa wa ekipe wanajua ule mutindo. Majuma ya mbele ya drafti wanavujisha kwa waandishi wa habari kama wanamupenda fulani, ili jirani aogope na kumubeba yeye, na yule wanayemutaka kabisa abakie. Mubashiri anasikia hayo yote na anapashwa kuchagua lipi aandike.

Ya tatu ni mwili. Ekipe zina waganga wao, wanaangalia magoti, migongo na moyo, na mengi wanayoona hayatoki inje. Mbashiri anaona mukimbiaji, muganga anaona goti.

Kisha kuko siku ambazo hakuna sababu moja inayotosha. Shedeur Sanders, kijana anayerusha mupira wa iniversite ya Colorado, mutoto wa Deion Sanders aliyekuwa muchezaji mukubwa sana, liste mingi zilimuweka mu muzunguko wa kwanza wa 2025. Siku ya kwanza ikaisha, jina halikuitwa. Siku ya pili, vile vile. Alichaguliwa siku ya tatu, mu muzunguko wa tano, fasi ya 144, ku Cleveland. Watu wanabishana mpaka leo kama ni mupira wake, ni maneno yake mbele ya wakubwa wa ekipe, ao ni jina la baba. Mimi sina jibu, lakini familia yenye feza na yenye kujulikana mu inchi nzima haikuweza kujua. Sisi huku tutajua na nini? Na picha ya WhatsApp?

Papa akaniuliza ulizo ambalo nilikuwa ninalingoja: "Na Mukongomani, hata mumoja, hajafika?"

Amefika. Jina lake ni Tshimanga Biakabutuka. Alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974, wazazi wakamupeleka Kanada akiwa bado mudogo, akakomalia upande wa Montréal. Kule njo alijifunza huu mupira, akachukuliwa na iniversite ya Michigan. Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka wa 1995, Michigan walicheza na Ohio State, adui wao wa zamani, ambao hawakuwa wamepigwa hata mara moja mwaka ule. Biakabutuka alibeba mupira mara 37 na kukimbia yadi 313, karibu mita 286, watu wakimurukia kila fasi. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Mu ekipe ya Ohio State mulikuwa mukimbiaji mwingine, Eddie George, na ni yeye aliyepewa Heisman mwaka ule, zawadi ya muchezaji bora wa iniversite zote. Lakini ile siku, mukimbiaji bora ku uwanja alikuwa mutoto wa Kinshasa.

Mwezi wa 4 mwaka wa 1996, ekipe ya Carolina Panthers wakamuchagua ku fasi ya 8. Eddie George akangoja mpaka fasi ya 14. Muzunguko ule ule, ku fasi ya 26, Baltimore wakamubeba mulinzi mumoja, Ray Lewis.

Sasa sikia kilichofuata. Ku mechi yake ya ine tu, goti la Biakabutuka likakatika. Alirudi, alicheza mpaka 2001, kuko siku alikimbia vizuri sana, lakini mwili haukumuacha. Eddie George alipata zawadi ya muchezaji mupya bora mwaka ule wa kwanza na akapita yadi elfu 10 mu maisha yake. Ray Lewis, ambaye ekipe mingi zilimuruka, anahesabiwa kati ya walinzi wakubwa kuliko wote. Na kuko jambo lingine ambalo linanichekesha: mu ile Michigan ya 1995 mulikuwa kijana mupya ambaye hakucheza hata dakika, Tom Brady. Mwaka wa 2000 alichaguliwa ku fasi ya 199. Akabeba kombe mara saba.

Simuelezei Biakabutuka kwa kumucheka. Kati ya maelfu ya vijana wanaocheza kule, yeye alifika ku 8, na ile namba ilimupa maisha. Ninasema tu kama wale waliomuchagua walikuwa na waganga, filme, feza na watu wa kazi, na hata wao walinunua goti bila kujua litakatika siku gani. Hata kuchaguliwa wa kwanza si kucheza. Drafti ya kwanza kabisa, ya 1936, jina lililoitwa mbele ya yote lilikuwa la Jay Berwanger. Hakucheza NFL hata siku moja.

Kwa upande wa basketi, ambayo wengi hapa tunaifuata, hadisi ni ile ile, na inafika karibu na nyumbani. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka wa 2002. Aliondoka kwenda Marekani mwaka wa 2016. Mu 2021 liste mingi zilimuweka ku fasi ya 5 ao karibu. Ile siku, tarehe 29 mwezi wa 7, Toronto wakamuchagua Scottie Barnes ku fasi ya 4 wakati wengi waliandika Jalen Suggs, Suggs akaangukia ku 5, Oklahoma City wakamuita Josh Giddey ku 6, na mutoto wa Goma akafika ku 7, ku Golden State. Bidon mumoja ulisogea, zingine zikafuata. Kushuka kule kulimupeleka ku ekipe iliyobeba kombe mwaka uliofuata. (Bismack Biyombo mu 2011, Emmanuel Mudiay mu 2015, Kuminga mu 2021: Wakongomani watatu, wote ku 7. Watu wa pari wasinisikie.)

Lakini Yannick Nzosa wa Kinshasa, ambaye akiwa na miaka 17 wabashiri walimuweka juu sana, alichaguliwa wa 54 mu 2022. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa muchezaji bora wa iniversite zote za Marekani mu 2022. Mu 2023 majina 58 yaliitwa, lake halikuwamo. Akaingia kwa mulango mudogo, kontra ndogo ya Indiana, na bado anacheza. Ku mupira wa Marekani pia, Andy Mulumba hakuitwa mu 2013. Green Bay wakamupa kontra kisha, akacheza mwaka ule ule.

Kuhusu feza ya mwalimu wa pekee, nilimuambia Papa ninachojua. Kule kuko wazazi wanaolipa mwalimu wa namna ile, si uongo. Lakini hakuna ekipe inayoomba familia feza ili jina liandikwe ku drafti, na iniversite ikimutaka kijana kwa sababu ya mupira, yenyewe njo inamulipia masomo. Ile liste ya 2030 mutu yeyote mwenye telefone anaweza kuitengeneza jioni moja. Wale wa ESPN wanakosa ku liste ya kesho.

"Basi aliyeiandika ni nani?" akauliza.

"Haijaandikwa, Papa."

Akamupigia mudogo wake pale pale, telefone ikisikika inje. Hakugusa mambo ya shamba. Aliuliza mutoto yuko darasa gani, na pointi zake za hesabu ni ngapi. Kisha akauliza goti. Upande wa pili wakanyamaza kidogo. Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu majuma mbili, na daktari wa shule alimuambia apumzike. Hiyo habari haikuwa imeingia mu WhatsApp.

Mununuzi alirudi siku ya soko. Papa akamutajia bei ya mbele ya vita. Mununuzi akacheka, akapanda ku moto ya watu, akaenda.