MGONJWA WA AKILI NAYE AULIZWE

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yawafaa sana wale wapangao huduma za wagonjwa wa akili. Mara nyingi daktari, afisa na jamaa hukaa pamoja wakaamua. Mgonjwa mwenyewe hupewa dawa na amri, basi.

Tutazame mfano wa Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera ilianzishwa huko mwaka 1968. Lakini baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, msiba ulikuwa mkubwa kupita uwezo wa hospitali yoyote moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya manusura wa mauaji hayo walikuwa na maradhi ya akili ya namna fulani. Tena ulifichua jambo la kufikirisha: katika wananchi kwa jumla, zaidi ya watu 6 katika kila 10 walijua mahali pa kupata msaada, lakini waliokwisha kuutumia hawakufika 6 katika kila 100.

Mlango upo, watu wanaujua, wala hawaingii. Ni nani awezaye kutueleza sababu, isipokuwa yule aliyeufikia akarudi nyuma?

Wajane wa Kigali hawakungoja kuulizwa. Mwezi wa Januari 1995 walianzisha chama chao, AVEGA Agahozo. Wengi wao walikuwa wamebakwa, na baadhi wameambukizwa virusi vya UKIMWI. Walijua kwamba mama asiye na paa, asiye na dawa wala wa kumlilia, hatapona kwa maneno matupu. Kwa hiyo chama kiliweka pamoja faraja, matibabu, nyumba na msaada wa sheria. Mpango huo ulitoka kwa wenye jeraha wenyewe.

Mwaka 2007 watu waliopata kuugua maradhi ya akili nao waliunda jumuiya yao, ili sauti yao isikike zinapotungwa sera. Mwaka uliofuata Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao waziagiza serikali kushauriana nao katika mambo yawahusuyo.

Hatusemi kwamba daktari asisikilizwe. Dawa zina kazi yake, na utaalamu hauna mbadala. Lakini utaalamu usiosikiliza hufunga mlango uliojengwa kwa gharama kubwa.

Somo hili lahusu pia kambi zetu na nyumba zetu. Askari huona mengi kazini asiyoyasimulia mezani. Akirudi hapati usingizi, au akawa mkali kwa watoto, mama wa nyumbani asikimbilie kumpangia. Amwulize kwa upole: Ni nini kinachokuzidia? Ungependa twende kwa nani, na nani afuatane nawe? Kisha aandamane naye hadi kwa mganga wa kambi.

Aliyeulizwa kabla ya safari hukubali kuianza.