Artisanal, artisanale, artisanaux: tujue kuandika jina letu

Huku Nyantende, vijana wakirudi toka Kamituga wanatuletea barua tuzisome: za kooperative, za Division des mines, za chefferie. Zote ni za Kifaransa, na karibu zote ziko na neno moja ambalo tunaliharibu sana: artisanal.

Sikio halisaidii. Artisanal, artisanale na artisanales zinasikika sawasawa. Artisanaux peke yake ndiyo inasikika tofauti. Kwa hiyo kabla ya kuandika tujiulize: hii sifa inafuata jina gani?

Mtu mmoja: un exploitant artisanal. Wengi: des exploitants artisanaux. «Artisanals» haiko. Kazi yenyewe, exploitation, ni jina la kike: l'exploitation artisanale.

Mtego uko hapa. Zone d'exploitation artisanale, ile ZEA, zikiwa mbili tunaandika deux zones d'exploitation artisanale, bila s mwishoni. Juu ya nini? Sifa inafuata exploitation, haifuati zones. Lakini coopératives minières inachukua s, maana minière inafuata kooperative zenyewe.

Isitushinde. Kiswahili nacho kinapatanisha: mchimbaji mdogo, wachimbaji wadogo, shimo dogo. Ila tusitafsiri «mdogo» kwa petit. Tanzania wanasema wachimbaji wadogo, na wote wanaelewana. Kwetu, petite mine ni hati nyingine kabisa, inatolewa kupitia Cadastre minier. Ukiiandika ukitaka carte d'exploitant artisanal, umeomba kitu kingine.

Kuna sifa nyingine inayogeuka vilevile: illégal, illégaux. Wengine wanaiweka mahali pa artisanal kama vile ni kitu kimoja. Hapana! Code minier ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inamtambua exploitant artisanal: Mkongomani mtu mzima, mwenye carte, anayechimba ndani ya ZEA, katika kooperative iliyokubaliwa na Leta.

Asiye na carte, tumsaidie aipate. Mwenye nayo asitie mkono kwenye karatasi inayomwita illégal. Asome kwanza, neno lirekebishwe, ndipo atie mkono.